Kuomba Ruhusa na Kueleza Uwezo kwa Kiingereza: Mazoezi kwa Walimu wa Kitale na Bungoma

Mwanafunzi wa Bungoma akisimama na kusema "May I go out?" hakosei. Sentensi hiyo ameikariri tangu akiwa mdogo. Lakini akiulizwa kama jana alifika shuleni licha ya mvua, hujibu upesi: "Yes, I could reach." Hapo ndipo palipo na kazi, na mada hii inawaomba walimu waelekeze nguvu zao hapo.

Kiingereza hutenga uwezo wa siku zote za zamani na jambo lililofanikiwa mara moja. "My grandmother could carry a full sack" ni sawa, kwa kuwa bibi alikuwa na nguvu hizo miaka yote. Mkulima wa Kitale aliyefaulu kuuza mahindi jana anatakiwa kusema "I was able to sell" au "I managed to sell". Kwenye kukanusha mpaka huo hufutika: "I couldn't sell" inafaa pote. Kwa Kiswahili "niliweza" inatosha kwa yote mawili, kwa hiyo mtoto hana sababu ya kushuku kwamba kuna tofauti. Sharti aonyeshwe, tena mara nyingi.

Ruhusa ni nyepesi zaidi. "Can I" imezoeleka katika mazungumzo ya kila siku, "may I" ina heshima zaidi, na "could I" ni ombi la upole. Anayeombwa kwa "could", hata hivyo, hujibu "Yes, you can", wala si "Yes, you could". Mwalimu anayemkatalia mtoto kutoka kwa sababu tu amesema "can" anamfunga mdomo bila faida.

Mazoezi ya kujaza mapengo hayatoshi. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE hutahini pia stadi za mazungumzo, na mazungumzo huhitaji watu wawili. Kitale, mji wa mahindi, mmoja awe karani wa ghala la Bodi ya Nafaka, mwenzake mkulima:

"Could I bring my maize tomorrow?"

"Yes, you can, if it is dry. Were you able to dry all of it?"

"I was able to dry ten bags. I couldn't dry the rest because of the rain."

Kiwango cha unyevu kinachokubaliwa ghalani, asilimia 13.5, kiingie humo humo. Watoto wa wakulima wanakijua. Bungoma, igizo liwe la jamaa waliokuja kumwona mgonjwa hospitalini: "May we see him now?" "You can come in at one o'clock."

Mwalimu asiwakatize. Asikilize hadi mwisho, aandike ubaoni makosa ya "could" na "was able to" peke yake, kisha wawili hao wabadilishane nafasi na kuanza upya.