Makasha ya Mkomani
Hotuba iliyosomwa kwenye mkutano wa mwaka wa chama chetu



Mwaka jana tuliwaomba kwa ajili ya paa. Alhamdulillahi, boriti zilizooza zimebadilishwa na nyumba ile ya Mkomani haivuji tena. Leo tunazungumzia kilichokuwa chini ya paa lile.

Wageni wanakuja Lamu, mji ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, kutazama milango na zidaka. Sisi tulipofungua makasha matatu ya chumba cha ndani tulikuta hati za mashamba na za wakfu, barua za mabaharia, daftari za duka, karibu zote Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambacho wajukuu wengi hawawezi kukisoma. Na picha: jahazi likishushwa majini, Maulidi mbele ya Msikiti wa Riyadha, watoto wa chuoni na kofia zao mpya.

Tukiri kosa letu. Baadhi ya picha tulizipeleka mjini zikapigwa plastiki ya moto, tukidhani tunazihifadhi. Sasa zimeshikana na plastiki, na hazibanduki bila kuchanika. Tangu siku hiyo hatujagusa nyingine. Lakini ukuta wa mawe ya matumbawe unavuta unyevu wa chumvi, na mchwa hangoji mkutano wa mwaka.

Mchango wenu utanunua skana, bahasha na masanduku ya karatasi isiyo na asidi, na rafu za chuma zitakazokaa mbali na ukuta. Makaratasi hayatoki Lamu, wala hayatoki mikononi mwa wenye nyumba. Tunasema waziwazi kwa sababu tunajua yanayonong'onwa barazani: kwamba hati za mashamba zikishapigwa picha zitaonwa na kila mtu. Sivyo. Hati ya ardhi haitafunguliwa kwa yeyote bila idhini ya familia, na nakala yake itawekwa na familia yenyewe.

Kuna kazi moja ambayo fedha haiiwezi. Picha nyingi hazina jina nyuma. Mwezi uliopita bibi mmoja alitutambulia sura saba kwa kikao kimoja, akacheka alipojiona mwenyewe, kigoli. Picha ya nane aliigeuzageuza, kisha akasema, "Huyu angemjua dada yangu." Dada yake tulimzika mwezi wa Rajabu.

Basi kila Jumamosi, baada ya sala ya Alasiri, tutakuwa dakani kwenye nyumba ile. Mleteni mzee wenu, hata kama anasema amesahau. Akishaketi na kahawa atakumbuka. Na kama kwenu kuna picha, njooni nazo. Msiandike nyuma yake kwa kalamu ya wino. Penseli tunazo.