Ugumu wa Jino na Udhaifu Wake



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake (s.a.w.), tumeona tuzungumzie kiungo tunachokikumbuka pale tu kinapouma, nacho ni jino.

Wengi wetu tukiulizwa ni kitu gani kigumu kuliko vyote mwilini, hujibu: mfupa. Jawabu hilo si sahihi. Hata ule mfupa wa fuvu unaolizunguka sikio la ndani, ulioshikamana kuliko mifupa mingine, haulifikii gamba la nje la jino, ambalo wataalamu huliita enameli. Gamba hilo ni madini ya kalsiamu na fosfeti kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake, ilhali mfupa ni madini kwa kiasi cha theluthi mbili tu.

Lakini mfupa una chembe hai, ndiyo maana ukivunjika huunga. Chembe zilizoijenga enameli hufa jino linapochomoza ufizini. Mate huweza kurudishia madini machache yaliyopotea, ama shimo likishatoboka halizibiki lenyewe. Na kinacholitoboa ni sukari: vijidudu vya kinywani huila na kutoa tindikali, nayo tindikali huyayeyusha madini yale. Tutazame basi Ramadhani zetu: tende, kaimati, chai yenye sukari tele, kisha daku na kurudi kulala, wakati ambao mate hupungua mno. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya mswaki kwa aliyefunga baada ya jua kupinduka. Mashuhuri kwa Mashafi ni kuwa ni makruhu, na wengine hawakuona ubaya, nasi twaiona kauli hii ya pili kuwa na nguvu zaidi. Hata hivyo khilafu hiyo ni ya mchana. Anayelala bila ya kupiga mswaki baada ya futari hana madhehebu ya kujifichia.

Liko jambo jingine linalotuumiza zaidi. Katika maeneo ya Arusha na Meru, maji mengi hupita katika miamba ya volkano na kuchukua floraidi nyingi. Floraidi kidogo huimarisha enameli. Ikizidi wakati enameli ya mtoto ingali inajengwa chini ya ufizi, meno hutoka na mabaka ya kahawia, na pengine humeguka. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Magadi yanayotiwa katika maharage nayo huweza kuongeza floraidi. Mtu mzima anayehamia huko hapati mabaka hayo, kwa kuwa enameli yake imekwisha kukamilika. Basi mwalimu anayemwambia mtoto mbele ya wenzake kuwa hapigi mswaki, amemdhulumu. Mtoto huyo huenda anapiga mswaki kuliko mwalimu wake, na madoa yale hayatoki kwa kusugua. Tumewaona mabinti wanaosoma Qur'ani wakiwa wameziba midomo kwa ncha ya mtandio, na hiyo si haya tuliyowafundisha.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa kali zaidi. Njia mojawapo iliyofanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Madini ya mfupa ni ya jinsi moja na ya enameli, kwa hiyo huinasa floraidi kabla haijamfikia mtoto. Mkaa huo hushiba, na lazima ubadilishwe.

Baadhi ya ndugu wameuliza kuhusu utwahara wa mifupa hiyo. Swali ni la haki. Fuqahaa wamelijadili kwa urefu, na wepesi ni kumuuliza mtengenezaji mifupa ametoa wapi: ikiwa ni ya ng'ombe aliyechinjwa kisheria, hakuna mushkeli, maji hayo yanyweke na yatumike kwa udhu.