Mifupa Minane na Sahani ya Posho

Nisikilize, popote ulipo hapa Nakivale, uwe unapika, unateka maji au umejilaza na redio kifuani. Leo sina habari za mgao wala za mkutano. Nataka nikusimulie juu ya yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, na mtihani wake.

Yaya alisomea udaktari Bukavu, kwa Kifaransa. Vita ilipotuleta Uganda, alivuka mpaka na diploma yake ndani ya mfuko wa plastiki wa sukari. Lakini hapa, daktari kama yeye, aliyesomea nchi nyingine, hatibu mtu mpaka afaulu mtihani wa baraza la madaktari na kuandikishwa. Na mtihani ni wa Kiingereza. Basi kwa miaka miwili daktari wetu amekuwa mkalimani. Mgonjwa anaeleza, yeye anatafsiri. Ugonjwa anaujua, lakini si kazi yake kuutaja.

Mara ya kwanza alianguka. Alirudi kutoka Kampala akakaa kwenye jerikani, akasema: "Mdogo wangu, mifupa ni ileile, ila majina yamegeuka kama yetu siku ya kuandikishwa."

Kifundo cha mkono kina mifupa 8. Ule aliofundishwa kuuita piramidali, huku ni trikwetali. Ule walioita mfupa mkubwa, huku ni kapitati. Wa ndoano, huku ni hamati. Akaanza upya: skafoidi, lunati, trikwetali, pisifomu, trapezimu, trapezoidi, kapitati, hamati. Haviingii kichwani! Mpaka jioni moja alipoangalia sahani yake, akatunga hivi: "Sisi Leo Tunakula Posho Tena, Tena Kitoweo Hakuna." Herufi ya kwanza ya kila neno ni mfupa mmoja. Hesabu mwenyewe.

Kesho yake watoto wa jirani waliuimba wakiruka kamba. Wakambatiza Dokta Posho.

Nyumbani tuliteseka. Akisoma figo, mgongo unamuuma. Akisoma moyo, usiku ananiamsha nimhesabie mapigo. Akifika kurasa za uzazi, nikamwambia: "Yaya, hapo angalau utalala."

Lakini kusoma kwake kulimsaidia mtu. Bibi mmoja wa mtaa wetu alitoka kupimwa presha akilia. Kongo walikuwa wakimwambia 12 kwa 8. Hapa ameambiwa 120 kwa 80. "Imepanda mara kumi," alisema, "nikaage wajukuu." Yaya alikuwa ameisoma jana yake tu. Akamweleza: "Bibi, ni presha ileile. Kule wanahesabu kwa sentimita, huku kwa milimita. Yako ni nzuri." Nawe msikilizaji, shika hilo. Ukipimwa zaidi ya mara moja na ukawa unakuta 140 kwa 90 au zaidi, yaani 14 kwa 9 ya kwetu, hapo rudi kituo cha afya uongee na mhudumu, hata kama huumwi popote.

Mwezi uliopita Yaya alipanda boda mpaka Mbarara, kisha basi la Kampala. Nauli tulichanga, na yule bibi alitoa pia. Majibu yametoka juzi. Amefaulu. Bado kuna karatasi za kuandikishwa na kuna kutafuta kazi, hatujafika. Lakini lile la kunyamaza linakaribia mwisho.

Nilimuuliza niwaambie nini ninyi mnaosoma. Alisema matatu. Tunza vyeti vyako pakavu. Soma kwa sauti, mtu akuulize maswali, hata mtoto. Na ukianguka, tafuta ulianguka wapi kabla hujasema huna akili.

Jioni ile tulikula posho tena. Ila kitoweo kilikuwepo: samaki wa ziwa letu. Watoto walilalamika kwamba wimbo umeharibika.

Usiku mwema, msikilizaji. Tukutane wiki ijayo, saa hii hii.