Herufi Tatu na Mguu wa Mwenzetu



Nimetakiwa niseme machache juu ya sayansi. Nitaanza na kosa langu.

Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha pili hapa. Bwenini kwetu alikuwamo kijana ambaye mguu wake ulianza kupinda kila atembeapo, kisha mkono. Akili yake ilituzidi sote. Tulisema anakwepa mchakamchaka. Wengine wakasema mama yake amemroga. Nami nilicheka, tena kwa sauti. Aliondoka kabla ya mwaka kwisha, asirudi.

Sikujua kwamba mwaka huo huo, huko Marekani, Laurie Ozelius, Xandra Breakefield na wenzao walitangaza kuwa wameipata jeni ya distonia ianzayo utotoni, maradhi yanayokaza misuli na kupinda viungo bila hiari ya mtu. Kazi yao ilifanana na kumtafuta mtu kwa barua isiyo na anwani. Walipima damu za ukoo mmoja mkubwa, wagonjwa na wazima, wakatazama ni alama gani ya urithi inayofuatana na maradhi kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Mwaka 1989 wakaujua mkoa: kromosomu ya 9. Ikapita miaka 8 wakitafuta wilaya, kijiji, hata nyumba yenyewe. Walichokikuta ni upungufu wa herufi 3 tu, GAG, katika jeni iitwayo leo TOR1A.

Jambo kubwa ni hili: katika kila watu 10 wenye upungufu huo, kiasi cha 3 tu ndio huugua. Hivyo mzazi mwenye afya yake aweza kumrithisha mtoto pasipo kujua. Hapo hapana mchawi wala mvivu.

Sisemi kuwa mwenzetu alikuwa na jeni hiyo, hakupimwa. Nasema hatukumwuliza hata neno moja.

Wanafunzi, akitokea mwenzenu wa namna hiyo, mpelekeni kwa daktari kabla ya kumpa jina la utani. Dawa ya kuyang'oa maradhi hayo haijapatikana, lakini tiba ya kuyapunguza ipo.

Na wewe ndugu yangu wa kitanda cha jirani, kama gazeti hili litakufikia, nisamehe. Nafasi yako katika mkutano ujao ipo.