Muwasho wa Akina Mama Si Aibu



Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wetu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walizungumza habari za choo bila haya. Leo na sisi tuzungumze jambo jingine linalofichwa: fangasi ya ukeni.

Katika darasa letu moja huku Dodoma, mama mmoja aliacha kuja. Alikuwa anawashwa mno, kukaa kwenye benchi hawezi. Nyumbani mumewe alimwuliza, "Umeyatoa wapi hayo?" Mama akanyamaza, akawa anajiosha ndani kwa sabuni. Muwasho ukazidi.

Sasa tuelewane. Fangasi hii hukaa mwilini mwa akina mama wengi bila kudhuru. Huzidi mama anapokuwa mjamzito, anapotumia dawa za kuua bakteria, au akiwa na kisukari au upungufu wa kinga. Wanawake kama 3 katika kila 4 huipata angalau mara moja maishani. Kwa hiyo si ushahidi wa uzinzi. Akina baba, mmesikia?

Dalili zake ni muwasho, kuchomwa wakati wa kukojoa, na uchafu mweupe mzito kama maziwa ya mgando, usio na harufu kali. Uchafu ukiwa wa njano au kijani, ukinuka, au tumbo likiuma chini ya kitovu, huenda ni ugonjwa mwingine. Tusibahatishe dawa, twende zahanati. Fangasi inatibika, mara nyingi kwa vidonge vya kuweka ukeni kwa siku chache. Mjamzito asimeze dawa bila kumwuliza mganga. Ikirudi-rudi, tupimwe kisukari na VVU.

Je, tujikingeje? Kwetu maji ni ya shida, lakini kujikinga hakutaki pipa zima. Tuoshe nje tu kwa maji safi; ndani hujisafisha penyewe. Tujifute toka mbele kwenda nyuma. Tuvae chupi za pamba zisizobana. Na jua tunalo tele, jamani! Tuzianike nje zikauke, tusizifiche mbichi chini ya godoro.

Mama yule alikwenda zahanati, akatibiwa. Sasa amerudi kwenye benchi lake.

Gazeti hili nalo msilifiche. Msomeeni na baba nyumbani.