Vijana Wapewe Ufunguo wa Ukumbi
(Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama wa tawi)



Wazee wetu wanaogopa kuwafungulia vijana ukumbi kwa muziki wa Jumamosi. Wanasema patakuwa na fujo. Hofu hiyo si ngeni. Mji wa Seattle, huko Marekani, ulitunga sheria mwaka 1985: anayewaandalia vijana dansi sharti awe na bima ya dola milioni moja na alipie askari wa ulinzi. Je, vijana waliacha kupenda muziki? Hasha! Walikosa mahali tu.

Mwaka 2001 ikaanzishwa huko Vera Project, mahali pa muziki pasipo pombe. Vijana wa kujitolea ndio wanaosimama mlangoni na kushika mitambo ya sauti. Mwaka 2002 sheria ile ikafutwa.

Ndugu zangu, mlinzi bora wa ukumbi ni yule aliyeutolea jasho. Tuwape vijana wetu ufunguo, daftari la mapato na ufagio. Mzee mmoja akae nao kama mshauri, si kama askari. Hesabu isomwe kila Jumatatu mbele ya tawi. Wakivunja kiti, wakitengeneze wenyewe.

Asiyeaminiwa na ukumbi, ataaminiwaje na nchi?