Mnyama Mgonjwa Nyumbani: Nani Mwenye Jukumu la Kumtibu?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, mada tuliyokusudia kuizungumza imetokana na suali. Kijana mmoja wa mtaani alikuwa na paka dume aliyeshikwa na maradhi ghafla usiku. Akamchukua kwa daktari wa wanyama, akatibiwa, akalipa pesa ambazo kwa kipato chake hazikuwa chache. Aliporudi nyumbani wakubwa zake wakamkemea: vipi anatupa mali kwa paka ilhali mtaani kuna mayatima wasio na chakula? Akatuuliza: je, amepata dhambi ya israfu, au amepata thawabu?

Suali hili si dogo kama linavyoonekana. Tumelichukua kwa uzito kwa sababu wengi wetu tuna paka majumbani, wengine wana mbwa wa kulinda mashamba na mifugo, na kule Lamu na Pemba wako wenye punda. Wote hawa huumia, hugongwa na magari, hula sumu, huzaa kwa shida. Na wengi wetu tukishaona mnyama ameshindwa kusimama, tunamweka pembeni ya ukuta tukasema, "Mwacheni, Mungu atamchukua."

Tuanze na yale yasiyo na ikhtilafu. Katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim imepokewa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie chakula. Na zimepokewa habari za mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa khofu yake ya ngozi, Allah akamsamehe; na Masahaba walipouliza kama wanapata ujira kwa ajili ya wanyama, Mtume (S.A.W.) aliwajibu kuwa katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, kuna ujira. Abu Dawud naye amepokea kisa cha ngamia aliyelia machozi alipomwona Mtume (S.A.W.), naye akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akamwita mwenye ngamia, kijana wa Kiansari, akamkaripia kwa kumshindisha njaa na kumchosha. Tunaomba tuitazame vizuri hadithi hii. Mnyama alikuwa na dhiki, Mtume (S.A.W.) akaanza kwa kumtuliza, ndipo akamtafuta mwenye dhamana.

Sasa tuje kwa mafaqihi. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu za pwani, ameuweka mlango wa kumlisha mnyama ndani ya mlango wa nafaka, pamoja na nafaka ya mke, watoto na wazazi. Mwenye mnyama akikataa kumlisha na kumnywesha hulazimishwa: amlishe au amuuze, na akiwa ni wa kuliwa anaweza kumchinja. Hakupewa hiari ya kumwacha afe taratibu. Na katika mlango wa tayammum wamesema mafaqihi kwamba mtu akiwa na maji machache, na kuna mnyama mwenye kuheshimika kisharia aliyeshikwa na kiu, basi maji ni ya mnyama na mtu atatayamamu kwa ajili ya Sala yake. Paka yumo, na mbwa mwenye manufaa yumo. Aliyetoka ni mbwa mkali mwenye kudhuru watu na mfano wake. Wanafunzi huusoma mlango huu kila mwaka, lakini ni wangapi wanaoona kwamba hii ndiyo fiqhi ya dharura? Udhu wa Sala ya faradhi umeakhirishwa kwa ajili ya pumzi ya paka!

Aliyelisema jambo hili kwa uwazi zaidi ni Izzuddin bin Abdis-Salaam (577–660 Hijria), Sultani wa Wanavyuoni. Katika kitabu chake Qawaidul-Ahkam alipohesabu haki za mnyama juu ya mwanaadamu, ametaja kwamba amtumilie mali yake hata kama mnyama huyo amezeeka au ameugua kiasi cha kutokuwa na faida naye tena. Hayo yalisemwa karne nane zilizopita, katika nchi za Sham na Misri, wakati Ulaya haikuwa na chuo hata kimoja cha tiba ya wanyama. Chuo cha kwanza cha aina hiyo kilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761. Waislamu walikwisha kuwa na elimu ya baitara, ikiandikiwa vitabu, na katika Misri ya Sultan Nasir Muhammad bin Qalawun Abu Bakr bin al-Mundhir al-Baitar, aliyefariki mwaka 741 Hijria, alitunga kitabu kikubwa juu ya farasi, maradhi yao na dawa zao. Sheikh Mustafa as-Sibai (aliyefariki 1964) ametaja katika Min Rawai Hadharatina wakfu zilizokuwako Damascus kwa ajili ya wanyama waliozeeka na kwa ajili ya paka.

Kisha nini kimetokea? Mjini Cairo, mji wa al-Azhar, hospitali ya farasi na punda wanaochokeshwa na kazi ilianzishwa mwaka 1934 na mwanamke wa Kiingereza, Dorothy Brooke. Fes, mji wa Qarawiyyin, hospitali ya bure ya punda na nyumbu ilianzishwa mwaka 1927 kwa fedha za Wamarekani. Na Lamu yetu hii, mji wa maulidi na wanavyuoni, ambako punda ndiye gari la kila siku, kliniki ya punda ilifunguliwa mwaka 1987 na shirika la Kiingereza. Hatusemi haya kwa kuwabeza waliofanya kheri hiyo. Mwenye kutenda wema anastahiki kushukuriwa. Tunasema kwa sababu linaumiza: punda ni wetu, vidonda ni vya kamba zetu, na vitabu vyenye hukumu ni vyetu. Wenyewe Waingereza walianza kwao. Mwaka 1917, katikati ya vita, Maria Dickin alifungua zahanati ya bure London, mtaa wa Whitechapel, kwa ajili ya wanyama wa masikini. Hakungoja masikini wote washibe kwanza.

Na hapa ndipo tunapojibu hoja ya mayatima. Hoja hii ina haki ndani yake. Mwenye deni lililofika muda, au mwenye wategemezi wenye njaa, hao watangulie, wala haifai kumfanyia paka upasuaji wa gharama kubwa na watoto wakakosa ada na chakula. Lakini mara nyingi hoja hii huletwa na mtu ambaye hakumpa yatima wala hakumpa paka. Pesa ya arusi ya siku saba haiulizwi, ya simu mpya haiulizwi. Ikifika ya sindano ya paka ndipo mayatima wanapokumbukwa.

Kwa hivyo, tunavyoona sisi, matibabu ya kawaida yasiyomtia mtu katika dhiki, yenye kuondoa maumivu na kutarajiwa kuponya, yanaingia ndani ya nafaka aliyobeba mwenye mnyama. Kwani chakula kimewajibishwa ili asiangamie wala asiadhibike, na dawa ni hivyo hivyo. Ama tiba za mabingwa, kama upasuaji wa mifupa, wa macho na wa moyo, ambazo ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani hutuuliza kwa vile bili yake hufika maelfu ya dola, hizo si wajibu. Mwenye wasaa akitaka kufanya, na daktari ana matarajio ya kweli, hatumhukumu kuwa ni mubadhiri. Asiye na wasaa hana dhambi, bali asiingie katika mkopo wa riba kwa ajili hiyo.

Kijana wetu basi alifanya wajibu wake. Tena alifanya haraka, na haraka yake ndiyo iliyomwokoa paka. Tumewauliza wenye ujuzi ili maneno yetu yasiwe ya mimbari tu. Maradhi ya paka wake yalikuwa kuziba kwa njia ya mkojo, na hayo huwapata zaidi paka madume. Utamwona anachuchumaa mara kwa mara, anajikamua, analia, anajiramba, na hakitoki kitu, au yanatoka matone tu. Watu hudhani amefunga choo, wakamnywesha mafuta. Huko ni kumpotezea muda, kwani mkojo ukizuilika sumu hurudi katika damu na moyo husimama, na huenda akafa ndani ya siku mbili au tatu. Tumbo lisiminywe, kibofu kisije kikapasuka. Daktari humlaza kwa dawa ya usingizi, akamtia mpira mwembamba wa kutoa mkojo, na akamwekea maji ya mshipa.

Jambo la pili ni Panadol. Kila nyumba inayo, na wako wenye kumpa paka kwa huruma wakimwona ana homa. Dawa hii kwa paka ni sumu. Kidonge kimoja kinaweza kumwua, kwa sababu mwili wake hauna uwezo wa kuivunja, na damu yake hushindwa kubeba hewa. Basi mtu aliyekusudia ihsani akamwua kwa mkono wake. Dawa za kupuliza na kupaka za kuua kupe wa mbwa, nyingi zina permethrin, nazo vile vile ni hatari kwa paka. Mnyama akila sumu ya panya msingoje damu imtoke puani. Mpelekeni siku ile ile pamoja na paketi ya sumu, daktari aisome. Na paka akionekana anahema kwa mdomo wazi kama mbwa, hilo si joto la kawaida, ni dharura.

La tatu linatuhusu roho zetu sisi wenyewe, nalo ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa maradhi haya huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia, na sehemu kubwa ni watoto. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishadhihiri kwa mtu, kupona ni nadra mno. Lakini kabla ya dalili kinga iko. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali kupata chanjo bila kuchelewa. Msitie pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Na wanyama wachanjwe. Wataalamu wanasema mbwa wakichanjwa kiasi cha 70 kwa 100, maradhi hukatika. Na kisiwa cha Pemba ni shahidi, kwani kwa kampeni za chanjo kichaa cha mbwa kiling'olewa huko. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, mara nyingi chanjo hutolewa bure. Tunasikitika kuona foleni hizo zina Waislamu wachache, ati kwa kuwa mbwa ni najisi! Najisi ya mbwa ina dawa yake, nayo ni kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Kaburi la mtoto halina.

Tumeulizwa pia kuhusu mnyama asiye na matarajio ya kupona: je, inajuzu daktari amdunge sindano afe? Ikiwa ni wa kuliwa, kama mbuzi, achinjwe na mambo yamekwisha. Kwa asiyeliwa, kauli iliyomo katika vitabu vya Kishafi ni kwamba haijuzu kumwua kwa nia ya kumpumzisha, wakatoa mfano wa punda aliyepooza. Wanavyuoni wengine, na wako wengi wa zama zetu, wamejuzisha pale ambapo maumivu ni makali na tabibu mwaminifu amekata tamaa, maadamu njia yenyewe haina mateso; wakajengea juu ya hadithi ya Shaddad bin Aws katika Sahihi Muslim, inayoamrisha ihsani hata katika kuua. Moyo wetu unaelekea kauli hii ya pili kwa masharti yake. Lakini mwenye kubaki na madhehebu yake asilaumiwe, ila ampe mgonjwa wake maji, kivuli na dawa ya maumivu. Kumtupa jaani hakuna madhehebu yaliyokujuzisha.

Linabaki suala la madaktari. Imam Ghazali katika Ihyaa alilalamika kuwa utabibu ni faradhi ya kutosheleza na miji mingi haina tabibu Muislamu, hali watu wamesongamana katika elimu ya khilafu na mijadala. Leo Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kinasomesha udaktari wa mifugo, na Kabete, Nairobi, wanasomesha vile vile. Tuna vijana wenye alama nzuri za sayansi. Lakini mzazi akisikia "daktari wa wanyama" hukunja uso, na katika miji yetu mingi bwana mifugo ni mmoja, anashughulika na ng'ombe, na usiku hapatikani. Nchini Uingereza daktari wa wanyama anayetibu analazimika na kanuni za kazi yake kuhakikisha huduma ya dharura inapatikana saa 24. Sisi tuanze na dogo: kila msikiti uwe na namba ya simu ya daktari wa karibu ibandikwe ubaoni, na vijana wawili watatu wafundishwe kumshika mnyama aliyeumia bila ya wao kuumwa.

Na mmoja wa wanafunzi wetu anayetaka kusomea fani hiyo ameuliza iwapo ujira wake utakuwa halali, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza thamani ya mbwa. Jawabu ni kwamba kilichokatazwa ni kumuuza mbwa. Daktari hauzi mbwa. Anauza ujuzi wake na kazi ya mikono yake, na mbwa wa kulinda shamba na mifugo sharia imeruhusu kumfuga. Ujira wake ni halali, na nguo yake ikiguswa na mate aioshe kama tulivyotaja.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.